Sentensi moja, madaftari matatu: kibanda cha kuchapa cha Mtaa wa Narung'ombe

Mimi ni fundi cherehani wa Tabata, Dar es Salaam. Nashonea barazani kwangu, na kwa mwaka wa pili sasa baraza hiyohiyo ndiyo darasa la wanangu watatu. Mke wangu ni muuguzi, zamu zake zinapishana, kwa hiyo asubuhi nyingi tunabaki mimi na watoto, vitambaa upande huu, madaftari upande ule. Naandika haya kwa mzazi yeyote anayefundisha nyumbani watoto wasiolingana uwezo na amekwama kwenye mwandiko. Kuna kibanda Kariakoo wanachapa madaftari kwa kipimo unachotaka wewe. Nimetumia kazi yao miezi saba, uzuri wake nimeuona na kasoro zake nimeziona.

Kipo Mtaa wa Narung'ombe, ndani ya korido ya ghorofa, jirani na wauza zipu na vifungo ninaokwenda kwao kila mwezi. Hakina bango. Utakijua kwa rimu za karatasi zilizopangwa mpaka darini na mlio wa mashine ya kufotokopi. Kazi yao kubwa ni ripoti za wanachuo na kadi za michango ya harusi. Madaftari ya mwandiko walikuwa hawajawahi kuombwa.

Zawadi ana miaka 10 na anaandika kwa mkono wa kushoto. Idi ana 8. Alizaliwa kabla ya siku zake, misuli ya mikono yake imelegea na inachoka upesi. Rehema ana 5, ndiyo kwanza anajifunza penseli inashikwaje. Idi alianza shule kama wenzake. Darasa lilikuwa na watoto wengi mno kwa mwalimu mmoja, na kila wiki daftari lake lilirudi na maneno yaleyale ya wino mwekundu: "Rekebisha mwandiko." Hakuna aliyemwambia arekebishe nini. Ikafika mahali akawa analificha daftari chini ya godoro. Siku nilipolikuta, mimi na mama yake tulikaa chini usiku tukaamua.

Nilipoanza naye nyumbani nilimnunulia daftari la mistari la kawaida, lilelile alilozoea shule, nikaamini kwamba utulivu wa nyumbani utatosha. Haukutosha. Jioni moja nikachukua futi yangu ya kushonea nikapima: kutoka mstari hadi mstari ni milimita 8. Kisha nikampa karatasi nyeupe isiyo na mstari wowote, nikamwambia aandike neno "mama" mara tatu, kwa ukubwa anaojisikia. Neno hilo nililichagua kwa makusudi, maana m na a hazina shingo wala mkia, kwa hiyo unapima mwili wa herufi peke yake. Herufi za Idi zilikuwa na urefu wa milimita 9 mpaka 11. Mwili mtupu wa herufi ulikuwa umeshazidi nafasi nzima ya mstari, kabla hajaandika b yenye shingo wala j yenye mkia! Mtoto alikuwa anaambiwa kila wiki aingie kwenye nguo isiyomwenea, kisha analaumiwa kwa kuipasua.

Nikawapima na wengine. Rehema alitoa milimita 15. Zawadi alitoa 4. Watoto watatu wa tumbo moja, vipimo vitatu, na dukani kuna saizi moja. Mteja akija kwangu na watoto watatu siwezi kuwakatia sare moja. Nikaandika vipimo kwenye kipande cha karatasi ya kukatia nguo, nikakipeleka Narung'ombe.

Kijana wa pale ana heshima na ana subira, na hiyo ni sababu ya kwanza ya kuwasifu. "Shikamoo, mzee. Unataka kitabu cha nini?" Nikaitikia, nikamchorea: kila safu ya kuandikia iwe na vyumba vitatu, cha shingo, cha mwili na cha mkia, vyote vilingane. Kwa Idi kila chumba milimita 10, kwa Rehema 15, kwa Zawadi 4. Akakaa kwenye kompyuta akachora mbele yangu, akatoa ukurasa mmoja wa majaribio kwa kila mtoto, bila malipo, niende nao nyumbani kwanza. Ningekuwa natoa nyota, hapo peke yake wameshapata mbili.

Zile kurasa za majaribio ndizo zilizotuokoa, kwa sababu zilikuwa na makosa mawili ambayo mimi mwenyewe sikuyaona mpaka watoto waliponionyesha. La kwanza ni mistari. Yote minne ilitoka myeusi sawasawa, na Idi akawa hajui asimame kwenye upi. La pili ni herufi. Sentensi ya kunakili ilichapwa kwa herufi za kawaida za kompyuta, ambazo a yake ina kofia juu na tumbo chini, na g yake ina vitanzi viwili. Sisi watu wazima tumezoea, hatuoni tena. Rehema aliona. Alinakili ile a pamoja na kofia yake, polepole, kwa utiifu kabisa, akachoka kwenye neno la pili.

Nikarudi. "Baba, si a ni ileile?" kijana akaniuliza. Nikaandika yangu kwa mkono pembeni ya yake, akacheka, akaanza kutafuta. Akapata fonti, yaani muundo wa herufi za kompyuta, iliyotengenezwa na SIL, shirika linaloshughulika na lugha, kwa ajili ya watu wanaoanza kusoma. Ni ya bure, mtu yeyote anaweza kuiweka kwenye kompyuta yake, na jina lake ni Kiswahili chetu hikihiki: Andika. Humo a na g zinafanana na za mkono, na l ndogo, I kubwa na namba 1 hazichanganyiki. Ukienda kuchapisha popote, hata kama si kwa hawa, taja jina hilo. Ni jambo dogo lililobadilisha kazi yetu yote.

Kuhusu mistari tulikubaliana hivi: wa chini, unaosimamiwa na herufi, uwe mnene, wa juu ya mwili uwe vidoto hafifu, na chumba cha mwili kijazwe kijivu chepesi sana. Watoto wakaupa mstari mnene jina la sakafu. Siku hizi Idi anajisahihisha mwenyewe: "Baba, n imeelea, haijakanyaga sakafu."

Nikae kidogo kwa Idi, kwa sababu yeye ndiye aliyenipeleka pale.

Kwenye daftari lake sentensi ya kunakili imechapwa juu ya kila safu anayoiandika yeye. Haipo mwanzoni mwa ukurasa peke yake, wala haipo ubaoni. Shuleni alikuwa anainua kichwa kutazama ubao, anakirudisha, na njiani herufi zimeshapotea. Sasa jicho linashuka vidole viwili tu. Pia nimeacha kumwambia anakili herufi kwa herufi. Kiswahili kina bahati ya silabi zilizo wazi, na silabi inakaa kichwani vizuri kuliko herufi moja moja. Anatazama "ti", anatamka "ti", anaandika "ti". Tikiti maji ni pumzi tano tu. Tulipoanza alikuwa anatazama mfano mara kumi kwa neno moja.

Karatasi nilichagua ya gramu 100, si ile ya 80 ya kufotokopia, kwa sababu Idi anakandamiza. Aliwahi kutoboa kurasa mbili kwa nukta moja. Karatasi nzito haitatui tatizo, inavumilia tu. Lililomsaidia ni kipande cha khanga nilichokunja mara nne na kukiweka chini ya karatasi anayoandikia. Akikandamiza sana, penseli inazama na karatasi inamwambia yenyewe. Penseli nayo ni 2B, ambayo risasi yake ni laini na inatoa weusi bila nguvu. Nilimpatia ya Faber-Castell yenye pembe tatu na vidoto vya kushikia, vidole vyake vikakaa mahali pake. Ikibaki kipande kifupi kama kidole cha shahada siitupi, maana penseli fupi haina nafasi ya kushikwa kwa ngumi.

Mtaalamu wa tiba kwa vitendo, hospitalini tulikompeleka, alituambia mkono unajengwa kabla ya penseli, wala si na penseli peke yake. Basi tukaangalia kazi za nyumbani kwa jicho jipya. Kupuchua mahindi kwa kidole gumba. Kuchambua mchele kwenye ungo. Kubana nguo kambani kwa vibanio. Kuniokotea pini sakafuni kwa sumaku hapana, kwa vidole ndiyo. Asubuhi kabla ya kuandika Idi anakanda donge la unga wa chapati dakika tano. Anakaa kwenye kiti chenye kreti ya soda chini ya miguu, maana miguu ikining'inia mwili mzima unatafuta mizani na mkono unabaki bila nguvu. Mbele yake nimeegemeza kipande cha plaiwudi juu ya tofali, ukurasa umeinuka kidogo na kifundo cha mkono hakijipindi.

Na hili nawapa mafundi wenzangu. Toa uzi kwenye cherehani, weka sindano kuukuu, kisha pitisha karatasi juu ya ule mstari wa sakafu kana kwamba unashona. Geuza ile karatasi upande wa pili: kuna vinundu vidogo mstari mzima, na kidole kinavisikia. Kwa mtoto ambaye jicho na mkono wake havielewani bado, mstari unaoguswa ni rafiki mkubwa. Kijana wa Narung'ombe sasa ananiwekea karatasi 10 zisizobanwa mwishoni mwa kila oda, zilizochapwa mistari upande wa nyuma, ili nizitoboe mwenyewe na vinundu vitokee upande wa kuandikia. Hilo alilibuni yeye.

Kwa Zawadi shida ilikuwa springi. Daftari likibanwa kushoto, mkono wa kushoto unalala juu ya waya kila anapoanza safu. Lake limebanwa juu, kama daftari la mwandishi wa habari, na sentensi ya mfano iko juu, kwa sababu ikiwa pembeni kushoto mkono wake unaifunika. Karatasi analaza kwa kuizungusha kidogo kuelekea kulia, pembe ya juu kushoto ikiwa imepanda, na penseli anaishika juu zaidi ya wenzake ili aone anachoandika bila kupinda kifundo kama ndoano. Penseli yake ni Nataraj ya HB, ile nyekundu na nyeusi, inamtosha kabisa.

Bibi yake, mama yangu mzazi, alihuzunika kumwona anaandika kwa mkono wa kike. Sikubishana naye. Nilimwambia, "Mama, atakula kwa kulia, atasalimia kwa kulia, kalamu mwachie." Kilichomaliza mazungumzo kabisa ni madrasa. Kiarabu huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, na mkono wa kushoto ukiandika kuelekea huko unakimbia mbele ya wino, haukanyagi ulichokwisha andika. Ustadhi alimwonyesha Bibi ubao wa Zawadi. Ulikuwa safi kuliko wa wengi. Bibi alikaa kimya, kisha akasema mjukuu wake ana mkono mzuri, hakusema tena wa upande gani.

Rehema sina mengi ya kusema. Daftari lake limelazwa, safu nne kwa ukurasa, na siku nyingi hata hafiki huko, anaandika kwa kidole kwenye sinia la mchele. Nilichofurahia ni kwamba lake halina q wala x. Vitabu vya kufuatisha herufi vinavyouzwa mjini vingi ni vya Kiingereza, na mtoto anapoteza siku kwenye herufi ambazo Kiswahili hakizitumii, huku "ny", "sh" na "ng'" hazijaguswa.

Hapo ndipo jina la mtaa lilipoingia. Sentensi ya wiki ya kwanza nilichapisha hii: "Mtaa wa Narung'ombe una maduka mengi ya vifungo." Ni moja kwa wote watatu. Rehema ananakili "maduka" tu. Idi ananakili "Mtaa wa Narung'ombe" na kuishia hapo, kwa heshima kamili, hakuna anayemwambia amalizie. Zawadi anaandika yote, kisha anaongeza sentensi yake mwenyewe kutoka kichwani. Wote wako mezani pamoja, wanazungumza jambo moja. Idi akauliza kile kialama baada ya g ni cha nini. Tukatamka "ngoma" na "ng'ombe" mpaka wakaisikia tofauti puani. Tangu siku hiyo hakisahau, kwa sababu alikiona pia kwenye kibao cha mtaa.

Kwa hiyo sentensi zetu nyingi ni za Kariakoo: Mtaa wa Sikukuu, Mtaa wa Kongo, Mtaa wa Mkunguni. Zawadi alinakili kwamba jina Kariakoo lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Alitaka kujua walibeba nini na waliishia wapi. Somo la mwandiko likageuka la historia mpaka saa ya chakula, na gauni la mteja likasubiri kesho yake.

Mteja mmoja, naye anafundisha wanawe nyumbani, ndiye aliyenitajia mwalimu wa Uingereza, Charlotte Mason, aliyeishi kati ya 1842 na 1923. Alisisitiza kwamba afadhali mtoto aandike herufi chache kwa ukamilifu kuliko kujaza ukurasa ovyo. Nimelichukua hilo moja kwa moja. Rehema dakika 5, Idi 10, Zawadi 15, na kengele ya simu ikilia tunaacha hata katikati ya neno. Mwisho kila mmoja anatafuta herufi moja iliyompendeza kuliko zote na kuizungushia duara. Mimi sishiki wino mwekundu.

Sasa kasoro, maana zipo. Ahadi zao za siku usizitegemee sana. Oda ya pili niliambiwa Alhamisi, nikaipata Jumatatu, na nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa yangu. Katika oda ya tatu kile kijivu kilififia kuanzia katikati ya daftari la Idi kwa sababu wino wa mashine ulikuwa unakwisha na hakuna aliyekagua. Walichapa upya kurasa hizo bila ugomvi, lakini kwa Idi daftari lililobadilika katikati ni wiki nzima ya kurudi nyuma. Sasa nafungua kila ukurasa palepale kaunta kabla ya kulipa. Ushauri wao wa kulamineti kurasa ili mtoto afute na kurudia nimeukataa: plastiki inateleza, na mkono mlegevu unahitaji karatasi inayoshika penseli. Kwa Rehema labda, kwa Idi hapana.

Bei si ndogo. Daftari la karatasi 40 za gramu 100, limebanwa kwa springi na lina ganda gumu, ni shilingi 7,000. Matatu nalipa 20,000. Kwa 7,000 ungepata karibu dazeni nzima ya madaftari madogo ya kawaida. Lakini daftari la Idi linakaa miezi miwili na zaidi, kwa sababu hajazi kurasa, na hayo ya bei rahisi aliyachana mawili kwa juma. Kama fedha ni ngumu, waombe wakuchapie ukurasa mmoja safi wa mistari ya kipimo chako, kisha ukatoe kopi mtaani kwenu. Wao wenyewe ndio waliomshauri hivyo mama mmoja niliyemkuta pale.

Ukienda, enda siku ya kazi asubuhi, kabla ya saa nne, korido haijajaa. Epuka kabisa wiki za kufungua shule mwezi wa Januari. Nenda na "mama" tatu za kila mtoto kwenye karatasi isiyo na mistari, na rula yenye milimita, usitegemee ya kwao. Mwambie mapema mtoto anatumia mkono gani. Sentensi ziandike nyumbani kwa herufi zinazosomeka, ukague alama ya ng' baada ya kuchapwa, kwa sababu kompyuta yao huipindisha kichwa chini.

Jumamosi iliyopita nimewapima tena. Rehema bado 15. Zawadi yuko vilevile. Idi amefika milimita 7, na oda mpya nimeiandika vyumba vya 8.